Aliyetoa Alama ya Kutoa

Bi Lenzi alikuwa fundi miwani. Jina hilo alibandikwa na wateja, naye alilizoea hata akasahau kukasirika.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Ukutani palikuwa na ubao mweupe wa herufi. Herufi za juu zilikuwa kubwa kama sahani, za chini ndogo kama punje za mchele. Mteja aliketi, akaziba jicho moja, akasoma. Bi Lenzi alisikiliza anapokwama, kisha akaandika kipimo chake.

Kwa miaka kumi na minane vipimo viliandikwa kwenye madaftari. Mwaka huu vilihamishiwa kwenye kompyuta, ndani ya faili moja lililoitwa "Vipimo". Aliyechapa ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye pia alipokea wateja. Alichapa miezi mitatu na kulalamika miezi mitatu.

Kompyuta ilikuwa ya nyumba nzima. Kila mtu aliingia kwa akaunti yake na neno lake la siri. Bi Lenzi na wifi waliitumia kwa kazi. Mumewe, aliyeitwa Karani kwa sababu alistaafu ukarani, aliitumia kucheza karata. Karani alikuwa nadhifu kupita kiasi. Hata viatu vya wageni alivipanga mlangoni kwa ukubwa.

Jumatatu moja ilifika mashine mpya ya kusaga lenzi. Mashine ilihitaji programu ya kusoma vipimo kutoka kwenye kompyuta. Bi Lenzi alitafuta programu hiyo mtandaoni. Akabonyeza tovuti ya kwanza iliyojitokeza, akaipakua, akaiweka. Alipoiambia ifungue Vipimo, maneno mekundu yalitokea: *Huna ruhusa ya kufungua faili hili.*

"Mimi?" alisema Bi Lenzi. "Sina ruhusa? Ndani ya nyumba yangu?"

"Labda haikujui, wifi," alisema wifi. "Jitambulishe."

Bi Lenzi hakucheka. Alirudi mtandaoni, akakuta mtu asiyemjua ameandika ushauri: mpe Kila Mtu ruhusa zote, shida itaisha. Ushauri huo ulimpendeza, kwani uchoyo haukuwa tabia yake. Alifungua orodha ya ruhusa, akatia alama kwenye kila kisanduku alichokiona. Programu ikafungua Vipimo bila kelele.

"Umeona?" alimwambia wifi. "Ilitaka ukarimu tu."

Alhamisi asubuhi aliingia dereva wa basi la shule. Alikuwa ameikalia miwani yake. Fremu ilivunjika, na lenzi moja tu ilipona.

"Bi Lenzi, niokoe," alisema. "Jumatatu napimwa macho kazini. Nikishindwa kusoma, basi langu atapewa mtu mwingine. Na bila miwani siwezi hata kuliegesha, achilia mbali kubeba watoto wa watu."

"Kipimo chako tunacho. Rudi mchana."

Mashine ilisoma kipimo na kusaga lenzi mbili safi. Hiyo ndiyo miwani ya kwanza iliyotoka kwenye mashine ile. Mchana dereva aliivaa akatazama ubao. Akaivua, akaipangusa, akaivaa tena.

"Vipi?" aliuliza Bi Lenzi.

"Ukungu. Bila miwani naona herufi mbili za juu. Nikiivaa, hata ubao sijui uko wapi."

 Katika miaka kumi na minane hakuwahi kumpa mtu miwani ya kumpofua. Alichukua ile lenzi ya zamani iliyopona, akaiweka kwenye kipima lenzi. Ilikuwa toa mbili na nusu, lenzi ya mtu asiyeona mbali. Akaiweka ile mpya. Ilikuwa mbili na nusu, lakini ya kujumlisha. Tarakimu zilikuwa zilezile, alama ndiyo haikuwepo. Kwa macho, hiyo ni sawa na kumwelekeza mtu kulia wakati njia iko kushoto.

Alifungua Vipimo. Kwa dereva hapakuwa na alama ya kutoa. Kwa mshonaji aliyemtangulia, hapakuwa nayo. Kwa mwalimu aliyemfuata, vilevile. Ukurasa baada ya ukurasa, alama zote za kutoa zilikuwa zimeyeyuka.

"Wifi, ulichapa nini hapa?"

"Nilichapa ulichoandika! Leta madaftari tuone!"

Walikuwa karibu kukoseana adabu mbele ya mteja. Wakati huo Karani aliingia na kikombe cha chai.

"Mmeliona lile faili?" aliuliza kwa furaha. "Juzi nikitafuta karata zangu, nikalikuta limejaa vidoa. Mbele ya karibu kila tarakimu, kidoa. Nikapangusa kioo kwa kitambaa, havikutoka. Ndipo nikatumia kitufe cha kufuta. Kazi ya siku nzima, mke wangu. Nimevitoa vyote."

 Wifi alimgeukia.

"Kaka," alisema, "umetoa alama za kutoa."

Karani aliweka kikombe chini taratibu. Alimtazama dereva, akaitazama miwani, akaelewa. Aliona aibu, na hakuificha.

"Baba, usijali," alisema dereva. "Ila Jumatatu haiko mbali."

Bi Lenzi alimwahidi miwani sahihi siku ya pili yake. Kisha akaenda mlango wa pili kumwita jirani yake, mama aliyetunza kompyuta za chuo. Mtaa mzima ulimwita Mama Mtandao. Alikuja na miwani yake puani, kazi ya mikono ya Bi Lenzi. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza mtu.

"Jirani, mzee wako alikosea," alisema. "Lakini mlango ulimfungulia wewe. Huu ubao wako, nani anaruhusiwa kuusoma?"

"Mteja yeyote."

"Na nani anaruhusiwa kuuandika?"

"Auandike? Thubutu! Mtu akichora mstari mmoja tu, O inageuka Q, na kipimo chote kinaharibika."

"Na mashine ya kusaga, nani anaiendesha?"

"Aliyefundishwa. Ni mimi tu."

"Basi unajua kila kitu," alisema Mama Mtandao. "Kompyuta nayo ina ruhusa hizo hizo. Kusoma ni kutazama kilichomo. Kuandika ni kukibadilisha au kukifuta. Kuendesha ni kuiwasha programu ifanye kazi. Ubaoni unawapa watu kusoma peke yake. Kwenye kompyuta uliwapa zote tatu, tena kila mtu."

"Lakini ilininyima mimi mwenyewe!"

"Kwa sababu faili lilitengenezwa kwenye akaunti ya wifi yako. Mwenye faili alikuwa yeye. Ulipaswa kuongezwa wewe peke yako, yakaisha."

Wifi alijinyoosha kitini. Hakujua kwamba alikuwa na mali.

Mama Mtandao aliuliza programu ilitoka wapi. Bi Lenzi alimwonyesha. Jirani akatikisa kichwa.

"Huyu si mtengenezaji wa mashine yako. Programu ichukue kwa mwenyewe. Anwani ya tovuti yake iko kwenye kitabu kilichokuja na mashine. Na hapo ameweka mstari mrefu wa herufi na tarakimu, alama ya faili lake. Kompyuta yako inaweza kupiga hesabu ya faili ulilopakua, nayo itatoa mstari wake. Mistari miwili lazima ifanane kila herufi. Ikipishana hata moja, faili si lile. Usilifungue."

Walijaribu faili la Jumatatu. Wifi alisoma mstari wa kwenye tovuti kwa sauti, Bi Lenzi akafuata ule wa kwenye kompyuta kwa kidole. Mistari ilipishana mwanzoni kabisa. Faili lile lilikuwa limeguswa na mkono wa mtu wasiyemjua. Waliondoa programu, wakakagua kompyuta nzima kama imeachiwa uchafu mwingine. Kisha wakapakua faili kutoka kwa mtengenezaji. Safari hii wifi alisoma hadi mwisho, na hapakuwa na tofauti.

"Sasa ingiza neno la siri la msimamizi, ile akaunti yenye mamlaka yote ya kompyuta," alisema Mama Mtandao. "Hilo ni la kuwekea programu tu. Ukimaliza, rudi kwenye akaunti yako ya kila siku. Usifanye kazi za kawaida ukiwa msimamizi, maana hapo kosa dogo linapata nguvu kubwa."

Waligawa ruhusa upya. Folda ya programu ilipewa kusoma na kuendesha. Haikupewa kuandika, ili isije ikabadilishwa kimyakimya na mtu yeyote au programu mbaya. Faili la Vipimo lilikuwa sasa la Bi Lenzi, kusoma na kuandika. Kila Mtu aliondolewa.

"Wifi apewe nini?" aliuliza Mama Mtandao.

"Anapokea wateja. Anahitaji kusoma tu."

"Mimi niliyechapa miezi mitatu?" wifi alianza. Kisha akafikiri. "Afadhali. Nani atanituma kuchapa tena?"

Lakini kazi moja ya mwisho ilibaki, na hiyo wifi hakuikwepa. Mchana ule na asubuhi ya Ijumaa alisoma madaftari ya zamani jina kwa jina. "Toa moja. Toa tatu na robo. Huyu hana toa." Bi Lenzi alirudisha alama moja moja. Walipomaliza, walinakili faili kwenye flashi na kuifungia kabatini. Madaftari nayo yalibaki, ingawa wifi alikuwa ameshapanga kuyatupa.

Ijumaa mchana dereva alivaa miwani mpya. Alisoma ubao toka juu hadi punje za mchele. Kisha akageukia dirisha na kusoma bango la duka la ng'ambo, hadi namba ya simu.

"Jumatatu waje tu," alisema. Alimshika mkono Karani, akaondoka akitembea kama mwenye barabara.

 Bi Lenzi alimgeukia mumewe. Karani mzima, aliyeandika hesabu za ofisi maisha yake yote, anaonaje alama ya kutoa akadhani ni kidoa? Jibu lilimchoma. Alikuwa amepima macho ya mji mzima. Ya mumewe hakuwahi.

"Mzee, kaa hapo."

"Mimi naona vizuri."

"Kaa."

Alikaa. Ubao wa mbali aliusoma wote, akavimba kichwa. Bi Lenzi akampa kadi ya maandishi madogo ya kushika mkononi. Karani aliisogeza mbali, akaisogeza zaidi, hadi mkono ukaisha.

"Hii imechapwa vibaya," alisema.

"Jumlisha mbili," alisema Bi Lenzi, akiandika. "Nisamehe, mume wangu. Ningekupima mapema, yasingetokea haya."

"Na mimi ningeuliza kabla ya kufuta."

Jumapili aliketi mbele ya kompyuta na miwani yake mpya. Akatafuta karata zake, na kipanya kikaangukia kwenye Vipimo. Au pengine alikiangusha makusudi. Maneno mekundu yakatokea. Karani akarekebisha miwani puani, akayasoma kwa sauti ya ofisini, bila kuruka herufi.

"Huna ruhusa ya kufungua faili hili."

Bi Lenzi na wifi waligeuka.

"Nayasoma vizuri kabisa," alisema Karani, akaenda kucheza karata.