Kurudi Gofuni

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi ndani ya jumba bovu nyuma ya shimo la saba la uwanja wa gofu. Miguu ilitokeza nje ya kifusi, na viatu vilikuwa vya ofisini.

"Ukuta umemwangukia, Afande," alisema Koplo. "Jumba liliungua miaka tisa iliyopita. Kila mvua ikinyesha linadondosha tofali. Hii ni ajali tu. Saa nne tunakunywa chai."

"Chai utakunywa, ila si saa nne," alisema Inspekta, akachuchumaa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na macho ya mama aliyehesabu vipande vya nyama kabla ya kutoka jikoni. Huyo humdanganyi. Alisogeza tofali moja, akapangusa kisogo cha marehemu kwa brashi ndogo.

"Njoo. Vumbi liko juu ya damu au chini yake?"

Koplo akainama. "Juu."

"Na damu ikoje?"

"Imeganda."

"Basi ilitoka kwanza, ikaganda, ndipo ukuta ukaanguka. Ukuta gani huo unaoua kabla haujaanguka?"

Habari ya chai ikaishia hapo.

Marehemu alijulikana. Alikuwa Daktari wa Meno, na nusu ya mji imewahi kupanua mdomo mbele yake. Gari lake lilikutwa kando ya uzio. Kwenye buti mlikuwa na mfuko wa fimbo za gofu zilizokaa miaka bila kuguswa, mpira wa mishikio umekauka na kupasuka kama visigino vya kiangazi. Simu yake haikuonekana. Mfuko wa suruali ulikuwa na glavu nyeupe ya gofu, mpya, kibandiko cha bei bado kimening'inia.

Ndani ya vidole vya glavu mlikuwa na vitu vigumu. Inspekta akavikung'utia kiganjani. Vilikuwa vyuma vifupi vyenye vichwa vipana, vyeusi kwa masizi.

"Misumari ya bati," alisema Koplo.

"Mwanangu, wewe hujacheza gofu."

"Na wewe umecheza, Afande?"

"Nilicheza nikiwa chuo cha polisi, mpaka nilipopata mtoto wa pili. Hii ni misumari ya viatu vya gofu vya zamani. Ilifungwa kwenye soli ili mtu asiteleze kwenye nyasi. Siku hizi wanatumia ya plastiki."

Akageuka. Nyuma ya maiti, mahali ambapo kifusi kilikuwa kimeondolewa kwa mikono, palikuwa na jiko la umeme lenye kutu. Juu ya sahani yake moja palikuwa na doa la mpira ulioyeyuka, na mikwaruzo mipya ya bisibisi.

"Nani aliyeiona maiti?"

"Mkata nyasi. Yuko kituoni anaandikisha maelezo."

"Akae huko huko. Na wewe, lisikutoke neno kuhusu jumba hili. Hata kwa mkeo."

"Sina mke, Afande."

"Ndiyo maana nakuamini."

*

Mjane aliwapokea sebuleni. Hakulia. Aliketi wima kwenye ncha ya kochi, akasema kabla hajaulizwa, "Mimi ndiye niliyemuua."

Koplo akaikamata kalamu.

"Umemuua vipi, mama?" Inspekta aliuliza taratibu.

"Kwa mdomo wangu. Mume wangu hakushika fimbo miaka tisa. Klabu ilipoungua tu, akaacha ghafla, hata kulitaja gofu hakutaka. Akawa mtu wa kukaa na gazeti moja asubuhi mpaka jioni. Nikamsumbua. Rudi gofu, utazeeka kabla ya siku zako. Wiki iliyopita nikamnunulia glavu. Jana jioni nikamsikia kwenye simu, kwa masikio yangu: 'Nimeamua. Kesho narudi. Nikute gofuni alfajiri.' Nilifurahi, Afande! Nikampigia pasi shati. Kumbe namwandaa kwenda kufa."

"Alikuwa anaongea na nani?"

"Sikuuliza. Wenzake walikuwa wawili tu. Kaka yangu, ambaye sasa ni kapteni wa klabu, na Mwalimu, yule mstaafu."

"Pole sana, mama. Usijihukumu kabla sijamaliza kazi."

Ndani ya gari Inspekta hakuwasha injini. Alikuwa anayatafuna maneno yale. Nikute gofuni.

"Kampuni ya simu wanasema orodha itachukua siku tatu," alisema Koplo.

"Siku tatu mtu anaoga, anafua nguo, anauzoea uongo wake. Twende klabuni sasa hivi. Nitasema sentensi moja kwa kila mmoja wao. Wewe andika kinachowatoka kwanza. Usiandike kingine."

*

Mwalimu alikuwa kwenye kianzio cha shimo la kwanza na kedi wake, kijana wa kumbebea fimbo, anapima upepo kwa kurusha nyasi.

"Mwalimu, nina habari mbaya. Daktari wa Meno amekutwa gofuni. Amefariki."

Fimbo ikamponyoka. "Shimo la ngapi?" Akashika kiuno, akatazama huku na huku uwanjani. "Mbona hakuniambia amerudi? Tangu alfajiri niko hapa na wazee wenzangu. Ningemwona! Ningemkumbatia!"

Machozi yalimtoka mzee wa watu bila aibu. Inspekta akamshika bega, akamwacha na kedi wake.

Kapteni walimkuta ofisini. Nyuma yake vikombe vimepangwa, kifuani ana nembo ya bendera ya shimo, na kucha zake zimesuguliwa zikang'aa.

"Kapteni, shemeji yako amekutwa gofuni. Amefariki."

Kapteni akajishika kichwa. "Mungu wangu! Nimesema mara ngapi zile kuta zibomolewe!"

Inspekta akavuta kiti, akaketi kama mgeni aliyekuja kushinda. Kalamu ya Koplo ilikuwa imesimama.

"Kuta zipi?"

"Za jengo la zamani, la..."

"Nani amekutajia jengo?"

"Wewe! Si umesema gofuni?"

"Nimesema gofuni. Umekaa ndani ya klabu ya gofu, mgongoni una vikombe vya gofu, kifuani una bendera ya gofu. Mwalimu nimemwambia neno lile lile, akaniuliza shimo la ngapi. Wewe umeona ukuta."

"Gofu ni gofu, Afande! Neno moja, maana mbili. Gofu la nyumba, gofu la fimbo. Utamfunga mtu kwa kamusi?"

"Simfungi mtu kwa kamusi. Ila jana jioni shemeji yako alimwambia mtu, 'Nikute gofuni.' Mkewe alisikia, akadhani ni mchezo. Aliyeambiwa alijua ni magofu. Nani mwingine angejua?"

Kapteni alicheka, lakini kicheko kilifika mdomoni tu. "Shemeji alikuwa na kizunguzungu. Kakanyaga vibaya kaanguka, ukuta ukafuata. Kamuulizeni mdogo wangu."

"Tutamuuliza," alisema Inspekta. "Chukua koti lako."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti vinne. Juu ya meza, katika mifuko ya vielelezo, zilikuwepo glavu na ile misumari. Kapteni alishaonywa kwamba atakalosema litaandikwa. Alipoingia dada yake, akanyanyuka nusu.

"Mdogo wangu, waambie. Kile kizunguzungu cha mumeo."

Mjane hakuketi. Alimgeukia Inspekta.

"Afande, kaka alinipigia simu asubuhi akijiandaa kuja huku kwenu, maiti haijafika hata hospitali. Akaniambia nikiulizwa niseme mume wangu alikuwa na kizunguzungu. Eti watu wasije wakasema alilewa. Nilikubali. Kaka ni kaka."

"Sasa si useme!" Kapteni alisema.

Lakini macho ya mjane yalikuwa yametua mezani. Akauinua mfuko wa misumari, akausogeza kwenye mwanga.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwenye jiko la lile jumba lililoungua," alisema Inspekta. "Ilikuwa imeng'ang'ania sahani, na mpira umeyeyuka."

Mjane akaketi. Sauti ilipomtoka ilikuwa ya mdogo mtu anayemsemea kaka yake kwa mama.

"Bado, kaka? Bado unaanika viatu jikoni? Tukiwa shule mama alikuchapa kwa tabia hiyo. Nyumbani kwangu nimekufukuza navyo mara ngapi siku za mvua! Na mpishi wa klabu akafungwa miaka mitatu, eti alisahau kuzima jiko?"

Kapteni aligeuzia uso ukutani.

"Mume wangu hakuwa na kizunguzungu hata siku moja," alisema mjane. "Andika hivyo, Koplo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kapteni alimtazama Inspekta, akamtazama Koplo, akakosa pa kuegemea. Akaanza kusema huku ameinamia kucha zake.

Viatu vilikuwa vyake. Siku ile mvua iliwakatiza mchezo, akaviweka juu ya jiko, akaenda kunywa. Daktari wa Meno aliviona, akamwambia avitoe, yeye akasema ngoja kidogo. Klabu ikaungua. Daktari wa Meno alinyamaza kwa sababu ya mkewe: angemfungaje kaka wa mkewe? Lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kukanyaga uwanja ule.

"Kwa nini sasa?" Inspekta aliuliza.

"Mpishi alikwenda kwake kung'olewa jino. Akamwambia, 'Asante, Daktari, wewe ni mtu mwema.' Shemeji alisema hilo asante limemshinda kulimeza. Akaja na bisibisi, akabandua misumari mbele yangu. Akataka twende polisi pamoja, tukamsafishe jina mpishi wa watu. Nikamwomba. Mimi ni kapteni! Picha yangu iko ukutani! Akanipa mgongo. Tofali lilikuwa karibu."

"Na ukuta?"

"Niliusukuma baadaye. Simu niliitupa mtoni. Misumari niliitafuta kifuani, kwenye koti. Glavu niliiona, sikuifikiria."

Mjane alikuwa analia sasa, kwa sauti, bila kujifuta. "Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"



"Mjibu," alisema Inspekta.

"Alisema tukitoka polisi atapita uwanjani, apige shimo moja tu. Akasema, 'Mdogo wako kaninunulia glavu. Siwezi kuivaa kabla sijasema.'"

Koplo alimfunga pingu, akamtoa nje. Mjane alibaki ameushika mfuko wa glavu kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo alikuwa anarudi kweli."

"Alikuwa anarudi, mama. Hukumtuma kufa. Ulimpa sababu ya kusema kweli, na aliyemuua yuko mlango wa pili."

"Naweza kuondoka nayo?"

"Ni kielelezo. Mpaka kesi iishe."

"Nitaisubiri." Akaiweka mezani taratibu, akajifunga mtandio. "Na yule mpishi? Nani atamwambia?"

"Ndiko ninakokwenda sasa."

"Basi nipe nafasi kwenye gari, Afande. Aliyemfungisha ni kaka yangu, na aliyenyamaza ni mume wangu. Nitamwambia mimi."

Inspekta akamfungulia mlango.