Dole Kwenye Karatasi Tupu

Saa tatu kamili asubuhi mpelelezi alifungua jalada la maiti ya tatu, akakuta karatasi zimelowa. Dari halikuvuja. Akazinusa: udi na wino. Akasonya.

"Nani kafukiza takataka zake humu?"

"Hakuna, afande," alijibu mtunza masjala, mama wa makamo aliyezeekea katikati ya majalada. "Harufu hiyo huja na maiti. Ya kwanza, ya pili, na hii."

"Na wewe huja na ujinga. Jini gani anayeua kwa zamu kama askari wa lindo?"

Swali lilikuwa na akili kuliko mwenye kuliuliza. Jumatatu alikufa askari mstaafu, Jumanne daktari wa maiti, jana muuza mbao. Kila mmoja alikutwa kitini, mlango umefungwa kwa ndani, hana jeraha, dole gumba la kushoto limekolea wino wa zambarau. Mpelelezi, aliyewaita wenzake wote mbumbumbu, alikuwa ameyakagua madole hayo matatu pasipo kuyaona.

Mama akamwekea mezani jalada kuukuu. "Watatu hao wamekutana humu tu."

Mpelelezi hakuhitaji kulifungua. Miaka kumi na tisa iliyopita, mke wa muuza mbao, akinukia udi, alikuja kueleza kwamba mumewe ameapa kumuua. Mpelelezi alikuwa na njaa. Akafanya kama alivyozoea: akamwamuru askari amkandamize mwanamke yule dole kwenye karatasi tupu, maelezo yajazwe baadaye. Akarudi akichokonoa meno, akajaza: *Sina malalamiko.* Siku ya tatu mwanamke aliopolewa kisimani, na daktari akaandika kwamba aliteleza.

"Andika alichosema, afande," mama alinong'ona. "Utie sahihi, yaende kwa mkubwa. Nilikuwa meza ile pale, nilimsikia. Huyo hataki ubani. Anataka kuandikwa."

"Kesho nastaafu na nishani kifuani, leo nijipake kinyesi kwa ajili ya mwanamke wa kisimani? Hebu nipishe!"

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Mama alipotoka, mpelelezi aliwasha kiberiti alichome jalada lile kuukuu. Njiti ikazimika. Ya pili ikazimika. Ya tatu ilizimwa na tone la maji lililoanguka kutoka nyuma ya bega lake, na kabla hajageuka akausikia ufunguo ukijizungusha taratibu kitasani, akaona nyayo za maji zikijichora sakafuni moja baada ya nyingine zikikizunguka kiti chake, akasikia pumzi baridi yenye harufu ya udi sikioni mwake, kisha vidole laini, vilivyovimba kama vya mtu aliyelala majini siku nyingi, vikamshika dole gumba la kushoto na kulikandamiza, kwa subira ya mtu aliyefundishwa kazi hiyo katika chumba kilekile.

Mlango ulivunjwa adhuhuri. Karatasi iliyokuwa mbele yake ilibeba alama ya dole, na juu ya alama hiyo mstari mmoja kwa mwandiko wake mwenyewe: *Sina malalamiko.* Daktari mpya aliandika kwamba moyo ulisimama. Jeneza likavishwa ile nishani.

Mtunza masjala hakwenda maziko. Alijifungia masjala akaandika yote aliyoyasikia na kuyanyamazia, ukurasa wa kwanza hadi wa sita, bila kuinua kichwa, kwani ukucha wa dole lake la kushoto ulikuwa umeanza kuingia zambarau.