Gia Iliyojirudisha Nyuma

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Janvier, fundi wa magari pale Mapendo. Mteja mmoja, Harelimana, alimletea gari kuukuu aina ya jipu, lile lililomkanyaga kaka yake mkubwa na kumwua. Mbele ya wazee wa familia, Harelimana, aliyekuwa kwenye usukani siku ile, aliapa kwamba gia ilijirudisha nyuma yenyewe.

"Badilisha ekseli, matairi, giaboksi. Nataka kuliuza," alimwambia Janvier.

Siku alipokuja kulikagua, Mukamugema, mjane wa kaka yake, alimfuata hadi mlangoni.

"Badilisha yote, shemeji," alicheka. "Kaka yako mwenye uliua anakufahamu wewe, hafahamu vyuma."

"Mama, rudi nyumbani!" Harelimana akafoka.

Mvua ikaanguka, umeme ukakatika, garaji ikawa giza. Harelimana akainama nyuma ya jipu kushika ekseli mpya. Janvier akasikia meno ya gia yakisagana, taratibu, kama mtu anayetafuna mchanga. Kisha matairi yakavingirika. Kisha yowe moja, fupi.

Janvier akawasha taa ya simu. Injini ilikuwa baridi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake mwenyewe. Ndani, kwenye kiti cha dereva, sponji iliyobonyea ilikuwa ikiinuka polepole, kama vile mtu mzito ndiyo kwanza anasimama.