Nani Atamshikia Mzee Elroy Karata?

Kila asubuhi, baada ya kahawa, Mzee Elroy alicheza karata na binti yake, Marlys. Asubuhi akili yake ilikuwa kali kama wembe. Jioni alisahau hata jina la mbwa wake. Marlys alikuwa ameacha kazi ya kiwanda cha jibini ili amtunze.

Siku moja wakicheza, jirani yao Corinne, mfanyakazi wa ofisi ya wazee ya kaunti, aliingia na keki ya tufaha. Aliuliza nani angemwamulia mzee matibabu akizidiwa.

"Si mimi?" alisema Marlys. "Mimi ndiye mwanawe, tena wa pekee."

Corinne alitikisa kichwa. Katika jimbo letu la Wisconsin, alieleza, damu peke yake haitoshi. Mzee mwenyewe amteue kwa hati, akili zikiwa timamu, mbele ya mashahidi wawili wasio ndugu. Wakichelewa, Marlys huenda akahangaika mahakamani huku baba yuko kitandani.

Marlys alimtazama baba yake. Siku hizi jioni ya baba ilianza mapema zaidi kila mwezi.

Lakini mzee alikunja uso. "Mlianza kwa kuninyang'anya ufunguo wa trekta. Sasa mnataka na kichwa changu?"

Corinne hakubishana. "Mzee, ukienda msalani, nani hukushikia karata?"

"Huyu hapa."

"Zinakuwa zake?"

"Athubutu aone. Anazicheza nipendavyo mimi. Nimemfundisha mwenyewe."

"Basi hati nayo ni hivyo hivyo. Ukiwa mzima, unaamua mwenyewe. Ukibadili nia, unaifuta."

Mzee alizitazama karata, kisha binti yake. "Leteni kalamu," alisema, "kabla sijasahau nimekubali nini."

Marlys alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake asubuhi, Corinne na mchungaji wa kanisa lao wakishuhudia, mzee alitia saini. Corinne aliwaombea pia msaada wa jimbo. Tangu hapo msaidizi huja kila Alhamisi, na Marlys amerudi kucheza bolingi, mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, na wenzake wa zamani.

Majira ya baridi mzee alishikwa na homa ya mapafu, akawa hajitambui. Madaktari wawili walithibitisha kuwa hawezi kuamua, wakauliza nani anamsemea.

"Mimi," alisema Marlys, akitoa hati. "Alinichagua mwenyewe." Hakuna aliyetaja mahakama. Matibabu aliyoyataka baba ndiyo aliyopewa.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, mzee alinyoosha mkono. "Karata zangu ziko wapi?"

Marlys alimpa. Mzee alizipanga taratibu, akamtazama.

"Ulizicheza vizuri," alisema.