Karibu ya Mama Aziza

Foto lilikuja siku ya Alhamisi, saa kumi za jioni, bila utani wowote. Ramla alishangaa kidogo, kisha akapuuza. Kaka yake Yuma, aliyekwenda Istanbul kununua nguo za biashara, hakuwahi kutuma foto bila kumcheka mtu.

Walikuwa na mchezo wao. Yuma akifika mahali anapiga foto, anaandika "Hodi". Ramla anakagua mabango, soketi za ukutani, pleti za magari, mpaka ataje ni wapi. Akipatia, mama yao Aziza, ambaye macho yamemfifia, anamtumia mwanawe sauti: "Karibu, papa." Watu wa Maniema hao, hata pale mtaani kwao Ndosho hodi haiachwi bila karibu. Na ni adabu hiyohiyo iliyowaponza.

Foto lilionyesha ndege kuukuu ndani ya jumba, magurudumu yamezungushiwa kamba, bendera ya Uturuki mkiani.

"Ni makumbusho ya ndege, mama. Istanbul."

"Karibu, papa," mama akasema kwenye simu.

Ramla akalikuza foto. Kwenye kidirisha cha rubani alikaa mtu wa nguo nyeupe, amewapa mgongo.

"Ramla, mbona kunanuka mafuta ya taa?" mama akauliza, akigeukia jiko la makaa. "Siye si tunapika na makala?"

Jumamosi likaja jingine: viti vitupu vya uwanja wa ndege wa Kigali, na mtu yule wa nguo nyeupe kwenye kiti cha mwisho. Mama akakaribisha. Jumapili ikaja barabara yenye mashamba ya kabichi, na Ramla akaitambua Kibumba, kule chini ya volkano, na mama akakaribisha kabla binti hajamaliza kusema. Jumatatu ikaja Munigi, karibu kabisa na mji wao, mtu yule kasimama katikati ya mawe meusi, sasa amegeuka nusu.

Ramla akalitazama tena. Mtu anayetoka Kigali anavukia mpakani Gisenyi, anaingia mjini. Huku kwa volkano anapita kufanya nini?

"Ni wapi uku?" mama akahimiza. "Sema, nimukaribishe mutoto wangu."

"Ngoja kwanza, mama."

Simu ikalia, namba ngeni. Alikuwa Yuma.

"Ramla, munisamehe kwa kimya. Telefone yangu nilipoteza kule makumbusho, nilikaa ndani ya ndege moja ya zamani nikaisahau kwa kiti. Ni siku tano leo. Kesho niko nyumbani."

Ramla akayafuta mafoto yote manne. Wallahi, hata wewe ungeyafuta.

Jioni ileile akaitwa muzee Mahamudi, msomaji wa dua wa mtaa. Alinusa kizingiti, akashusha sauti. "Mumelikaribisha mara tatu, limebakiza mulango tu. Siku saba neno karibu lisitoke hapa ndani. Yuma naye asibishe hodi. Aingie akiita majina yenu." Ramla akampigia Yuma kwa ile namba ngeni, akamweleza.

Kesho yake, jua likiwaka uani, mlango ukagongwa. "Hodi."

Sauti ilikuwa ya Yuma kabisa. Ramla akamziba mama mdomo kwa kiganja.

"Mama, mvua inaninyeshea. Mama, huniambii kitu?"

Mama akalia bila sauti, machozi yakimlowesha Ramla vidole, na harufu ya mafuta ya taa ikapita chini ya mlango ikajaa sebuleni, ikawakaba koo, na sauti ile ikaendelea kuomba, mara kwa upole, mara kwa kwikwi za mtoto, ikataja hata jina la utani ambalo mama peke yake ndiye aliyemwitia Yuma akimnyonyesha, na Ramla hakumwachia, alimkumbatia kichwa akisoma aya zote alizozikumbuka, mpaka pakawa kimya.

Kisha geti likalia. "Mama Aziza! Ramla! Ni mimi!"

Yuma mwenyewe akaingia na begi lake, vumbi mpaka kwenye nyusi, akausukuma mlango nyuma yake ukafungwa. Lo, furaha iliyoje! Ramla alimrukia shingoni. Mama alimpapasa uso, akakuta kovu la kidevuni analolijua, akaangua kilio.

"Ni weye kweli! Karibu, papa! Karibu nyumbani!"

Ramla akageuka, amechelewa. Nyuma ya Yuma mlango ulikuwa unafunguka polepole, na harufu ya mafuta ya taa ikaingia tena.

"Asante, mama," ikajibu sauti ya Yuma. Yuma mwenyewe hakuwa amefungua mdomo.