Jalada Lililolala Chini ya Godoro Langu

"Mzee Paulo, swali langu ni dogo," baba alisema sebuleni. "Baba yako mzazi alikuwa mtu wa wapi, na kwa nini alihama kwao?"

Nilikuwa jikoni napakua samaki aina ya sato, mlango wazi, nasikia kila neno. Siku hiyo wazee wa mchumba wangu, Nathaniel, walikuja kwetu Igoma kujitambulisha. Kwa sisi Wasukuma binti haendi kwa watu ambao asili yao haijulikani. Ukoo lazima utajwe, msije mkaozesha ndugu kwa ndugu.

Mzee Paulo, baba yake Nathaniel, aliinamisha kichwa.

"Sijui, mzee mwenzangu," alisema. "Alifika Rorya mtu mzima tayari, yeye na mama. Wakapokelewa na mzee Okal, wakachukua jina la mwenyeji wao. Sisi tumekua Wajaluo. Lakini mbuzi wake aliwahesabu kwa Kisukuma mpaka anakufa. Kilichomkimbiza hakukisema."

"Mtu hakimbii kwao bure," baba akajibu. "Nendeni mkatafute. Mkishajua, mtarudi."

Kilichomkimbiza kilikuwa chumbani kwangu, chini ya godoro, ndani ya jalada la kahawia. Nilikuwa nimekilalia wiki sita. Nami nikaendelea kupakua sato, nikawapelekea, nikapiga goti mbele ya yule mzee na kumnawisha mikono. Mnaosoma hapa nihukumuni tu, sitajitetea.

Mimi ni karani wa masjala, kule kunakotunzwa nyaraka za zamani za serikali. Nathaniel alinikuta hapohapo kaunta, miaka miwili iliyopita, ana mikono ya oili kwa sababu kazi yake ni kutengeneza mashine za boti kule Mwaloni, Kirumba. Alikuwa anamtafuta babu yake. Alichokuwa nacho ni vitu vitatu tu. Jina la zamani, Chenge. Jina la bibi, Kabula. Na habari moja ya ajabu, kwamba babu hakuwahi kuomba moto kwa jirani. Kiberiti kilikaa mfukoni mwake mchana na usiku, na alizikwa nacho.

Nilicheka siku hiyo, nikamwambia serikali haina jalada la viberiti. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Baada ya miezi minne alikuwa anakuja kunitafuta mimi, babu amekuwa kisingizio. Nilimpenda mtu yule jamani, sijui niseme vipi.

Sasa mwezi wa tatu mwaka huu tukaletewa maboksi ya mabaraza ya watemi, machifu wetu wa zamani, kutoka Misungwi. Nikiwa nayapanga nikafungua jalada la mwaka 1958. Mlalamikaji anadai ng'ombe wake mwekundu ameibwa na jirani yake, Chenge, mume wa Kabula. Wanakijiji wamekaa, wameamua Chenge atengwe. Asisalimiwe. Asichote maji kisima cha wote. Asipewe moto na nyumba yoyote.

Kumbe kiberiti kilikuwa na jalada lake.

Nikageuza ukurasa. Karatasi ya 1961, imebandikwa kwa gundi, na alama ya dole gumba chini yake. Mlalamikaji yuleyule anakiri. Ng'ombe alimficha mwenyewe kwa shemeji yake, kwa sababu alilitaka shamba la Chenge la bondeni. Chenge hakuiba. Chini karani ameandika kwamba Chenge ameitwa aje asafishwe jina, hakupatikana, jalada lifungwe.

Jina la mlalamikaji lilikuwa Machibya. Mimi naitwa Odeta Yakobo Machibya. Huyo ni babu yangu, mzaa baba.

Ningemwambia nini Nathaniel? Kwamba ukoo ninaotoka ndio uliomfukuza babu yake kwa uongo, na shamba la bondeni ndilo lililonisomesha? Niliona ataniacha palepale. Nikaliweka jalada kwenye mkoba, nikaondoka nalo.

Kesho yake baada ya wazee kuondoka, meseji ikaingia.

"Baba hajala tangu jana. Anasema lazima mzee wake alikuwa mwizi au muuaji, ndiyo maana alinyamaza. Nisaidie kutafuta, mpenzi. Wewe ndiye macho yangu humo ndani."

Nikaandika, "Naendelea kutafuta. Tumuombe Mungu."

Ona nilivyo. Mungu naye nikamwingiza kwenye uongo wangu.

Mwizi wa kawaida angeiba akanyamaza. Mimi nimefanya kazi masjala miaka tisa, na masjala jalada halitoki rafuni bila kuandikwa kwenye daftari la kuazima. Siku ile, huku najua kabisa kwamba naiba, mkono ukashika kalamu wenyewe. Namba ya jalada, tarehe, sahihi yangu. Safu ya sababu ndiyo niliiacha wazi. Wala sikukumbuka kwamba nimeandika mpaka Alhamisi ya wiki ile waliyokuja wazee, niliporudi kutoka kunywa chai, nikamkuta Nathaniel kaunta, daftari liko wazi mbele yake. Mwenzangu Winnie alitaka kumsaidia, maskini. Alitafuta kwenye orodha mpya ya Misungwi, akaliona jina la Chenge, akaenda rafuni akakuta pengo.

"Odeta," Nathaniel aliniita kwa upole, na upole ule ndio ulioniua. "Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Baba yangu alikaa sebuleni kwenu tarehe ngapi?"

Akaniambia nilifuate jalada. Nilikwenda Igoma nikarudi nalo, akalisoma kwenye benchi nje ya ofisi, kila ukurasa anaupiga picha kwa simu. Alipofika kwenye dole gumba machozi yalimtoka.

"Hakuiba," alisema.

"Hakuiba. Nisamehe, Natha. Niliogopa utaniacha kwa ajili ya babu yangu."

"Babu yako simjui, amekufa, nimdai nini?" Alinirudishia jalada. "Wewe ulikuwa hai. Ulimnawisha baba yangu mikono huku unajua. Ungesema neno moja tu, angeinua kichwa."

Akaondoka. Simu zangu hakupokea siku hiyo wala iliyofuata.

Ijumaa jioni nilirudi nalo tena nyumbani, nikamsomea baba lote, kuanzia mwanzo. Nilitegemea atakasirika, aseme ni uongo, alinde jina la mzee wake. Baba ana miaka sabini na tano na si mtu wa kuinamisha shingo. Lakini nilipofika kwenye moto alininyooshea kiganja ninyamaze.

"Yule mama alikuja," alisema. "Kabula. Alikuja na kigae cha chungu mkononi kuomba kaa la moto, mvua ilikuwa imemzimia. Nilikuwa na miaka minane. Nimesimama mlangoni nikamwambia kwetu hakuna moto, kama nilivyofundishwa. Moshi unatoka nyuma yangu anauona. Akasema, asante mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Ningesema nini? Nilidhani ni mke wa mwizi. Kumbe sisi ndio wezi."

Jumamosi asubuhi baba aliniamuru niwashe jiko. Makaa yalipokolea aliyachagua mwenyewe, akayaweka kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, kigae akakiweka kwenye sufuria lenye majivu, akafunika. Dereva wa bajaji alitutazama, akasema mzee, moto haupandi bajaji. Baba akamwambia basi tutatembea kwa miguu mpaka kwa Nathaniel, Kirumba, akaanza kutembea kweli. Yule kijana akatufuata hadi kona akatupakia. Sufuria nililibana kwa miguu yangu njia nzima. Liliniunguza kifundo, na nilishukuru liniunguze.

Mzee Paulo alikuwa amekaa nje ya chumba cha Nathaniel, Nathaniel amesimama mlangoni nyuma yake. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Baba hakungoja kukaribishwa. Alifunua sufuria, akatoa kigae kwa mikono miwili, akapiga goti. Sijawahi kumwona baba yangu akimpigia mtu goti.

"Mama yako aliomba moto kwetu," alisema. "Mimi ndiye niliyemnyima. Baba yako hakuiba kitu, aliyeiba ni baba yangu. Nimeuleta moto wenu. Umechelewa."

Mzee Paulo alikitazama kigae kwa muda. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kiberiti, akakiweka chini kwenye vumbi.

"Nilikirithi," alisema. "Nimetembea nacho miaka yote, na sikuwahi kujua ni cha nini."

Akapokea kigae. Akayamimina makaa kwenye jiko lake, akaongeza mkaa, akapepea kwa mfuniko wa ndoo mpaka ukakolea, akabandika birika. Wazee wawili wale walikunywa chai ya rangi wakizungumza Kisukuma, mmoja anakijua vizuri, mwingine anajua kuhesabu mbuzi tu. Baba akamwambia jalada limetaja ukoo wao, ni Babinza, sisi ni Basiya, kwa hiyo si ndugu, na shamba la bondeni lipo, waje walione. Nathaniel hakukaa nasi. Nilijua chai ile haikuwa yangu.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi nikasema nilichofanya. Nilipewa barua ya onyo, na nilistahili zaidi ya hiyo. Kisha nikaliweka jalada kaunta, nikafungua daftari niandike limerudishwa. Kivuli kikaangukia ukurasa. Mikono ya oili.

"Kuna safu uliiacha wazi," Nathaniel alisema. "Sababu ya kuazima. Ijaze."

Winnie aliinuka taratibu akatoka. Nilishika kalamu, nikaandika neno moja: Woga. Alilisoma, akaguna.

"Siku nyingine ukiogopa, uniambie mimi. Usiliambie godoro."

"Kuna siku nyingine?"

Aliichukua kalamu mkononi mwangu, akajaza mstari unaofuata, wa msomaji aliyekuja kuliona jalada. Tarehe, namba, sababu: kumjua babu. Kwenye jina aliandika polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Nathaniel Paulo Chenge.

Kisha akaniuliza ofisi inafungwa saa ngapi.