Mshumaa Uliomliza Mama

Soko lilikuwa limefurika, watu wanakanyagana, na katikati ya fujo hiyo alisimama dada mmoja mwenye gauni la njano lililotapakaa matone ya nta kifuani. Alikuwa amefumba macho na ametumbukiza pua kwenye chupa tupu.

"Dada, hiyo haina kitu," muuza chupa akamwambia. "Kama ni kiu, soda ziko pale mbele."

"Ilikuwa na achari," akajibu bila kufumbua macho. "Na aliyeiosha kaiosha kivivu."

"Nimeiosha mimi."

"Basi pole yako."

Wauza ndoo wa jirani wakaangua kicheko. Muuza chupa, kijana mrefu mwenye shati la mistari na ndevu zilizochongwa vizuri, akamkabidhi nyingine. Dada akanusa. "Asali. Hii naichukua."

"Na mimi je?" kijana akamsogezea mkono.

Dada akauinamia mkono ule kama anayesoma. "Sabuni ya kufulia. Jasho la halali. Na mchana umekula kitunguu kibichi."

"Hilo la kitunguu ungeninong'oneza, dada yangu."

Sokoni kote kijana yule alijulikana kwa jina la Chupa. Naye tangu siku hiyo akambandika dada yule jina la Pua, na asikudanganye mtu, dada alilipenda. Kwanza lilikuwa la kweli. Alitengeneza mishumaa ya manukato nyumbani kwa shangazi yake, kwenye jiko dogo lenye dirisha moja. Nta aliiyeyusha kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, akaiacha ipoe kidogo, ndipo akamimina mafuta ya manukato, kwa sababu ukiyamimina nta ikiwa moto mno harufu yote inapaa na wewe unabaki na mafuta ya bure. Rafuni alipanga vichupa vya mafuta, kuanzia ya asumini mpaka ya kafuri ya kufukuzia mbu, vyote vya kahawia, vyote sawasawa, na hakuna hata kimoja chenye karatasi ya jina.

"Siku utachanganya," Chupa alimwambia mara ya kwanza alipomletea mzigo.

"Karatasi ya nini na pua ninayo?"

Jeuri hiyo. Ikumbuke, maana ndiyo iliyomponza.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu na vicheko. "Unapika nini leo, mpenzi?" Chupa anauliza kutoka sokoni, makelele yamejaa nyuma yake. "Chungwa na mdalasini." "Nije kula?" "Njoo uwashe, we mlafi." Akifika anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anafuta chupa moja moja, anamtazama mtoto wa watu akikoroga. Kila aliyekutana nao aliambiwa vilevile: "Huyu ndiye Pua wangu. Hakuna kinachompita huyu." Na Pua anatazama chini, moyo umejaa.

Halafu yakaja mafua. Mafua ya kawaida tu, ya kupiga chafya na kunywa maji ya moto. Yakaisha, lakini yalipoondoka yaliondoka na kila kitu. Asubuhi moja Pua aliinamia sufuria ya nta akakuta hakuna harufu. Akafungua kichupa cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Akakata kitunguu akakibandika puani mpaka macho yakachuruzika machozi, na bado ilikuwa kama kunusa sahani safi. Alikaa sakafuni mgongo umeegemea ukuta, kitunguu bado mkononi.

Daktari alimwangalia, akamwambia huenda ikarudi na huenda isirudi. Ndiyo hayo tu.

Wateja aliwaambia nta imeadimika. Shangazi naye alimficha. Na Chupa ndiye hasa aliyemficha, kwa sababu moja tu aliyoizungusha kichwani usiku na mchana: mtu aliyependwa kwa pua, pua ikifa, anapendwa kwa nini tena?

Wakati huo mama yake Chupa alikuwa kitandani. Maradhi ya sukari yalishamchukua macho, na sasa yalikuwa yanamchukua mwenyewe polepole. Harusi ya Pua na Chupa, iliyokuwa imeshapangwa, iliahirishwa mpaka apate nafuu. Siku moja Pua alichoka, akaropoka mbele ya Chupa, "Kwani atapona lini?" Akajutia palepale, lakini neno lilishatoka, na Chupa akaliweka moyoni.

Siku nyingine Chupa akaja na ombi. "Mpenzi, mama anaota asumini. Zamani ilikuwa dirishani kwake. Haoni, amebaki na masikio na pua. Mtengenezee mshumaa mmoja tu, avute harufu hiyo kabla..." Hakumaliza.

Nani angesema hapana? Pua alisema ndiyo.

Aliwasha jiko, akayeyusha nta, akanyoosha utambi ndani ya chupa iliyo nzuri kuliko zote, kisha akasimama mbele ya vile vichupa vya kahawia kama mgeni mbele ya nyumba zisizo na namba. Akamwita shangazi.

Shangazi, masikini, alikuwa mtu wa ugoro tangu usichana wake. Pua yake ilikuwa imebaki ya kushikilia miwani. Pua alilijua hilo, lakini alikuwa hana mwingine.

"Shangazi, nusa hapa. Hii si asumini?"

"Mh. Inapendeza."

"Inapendeza ni asumini, au inapendeza si asumini?"

"Kwani wewe yako imekwenda wapi?"

"Nataka na mwingine anihakikishie."

Shangazi akavuta tena, akapiga chafya, akafuta miwani. "Ni maua hayo, mwanangu. Mimina, nta yako inaganda."

Akamimina. Mshumaa ulipokaa siku zake ili harufu ishike kwenye nta, akaufunika na kuufunga utepe mweupe, akamkabidhi Chupa mlangoni. "Usiufungue mpaka mbele ya mama."

"Umeunusa?"

"Nimeunusa mwenyewe," alisema, na akatabasamu. "Ni asumini tupu."

Kando ya kitanda cha mama, Chupa alifungua kifuniko na kuwasha kiberiti kwa pamoja, jinsi alivyokuwa na pupa ya kumfurahisha mama yake. Haikuwa asumini. Ilikuwa kafuri, ile inayopakwa maiti. Alipuliza upesi, lakini mama alishavuta. Uso wa mama ukakunjamana, mikono ikaanza kupapasa shuka kutafuta mtu.

"Mwanangu," akasema, "mmeshaniosha? Mbona hamkuniaga?"

Ilimchukua Chupa mchana mzima kumtuliza. Aliuweka mkono wa mama kifuani pa mama mwenyewe ausikie moyo unapiga, akamwapia kwamba yuko hai. Kisha akatoka uani, akapiga simu.

"Uliunusa kabla hujaufunga?"

"Niliunusa," Pua akajibu, bado anatabasamu. "Ameupenda?"

"Basi ulijua ni kafuri."

Tabasamu likamfia mdomoni.

"Mama yangu ameniuliza kama ameshakufa," Chupa akasema. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Niambie umekosea."

"Nimekosea, mpenzi. Wallahi nimekosea."

"Wewe? Wewe unayejua mtu alikula nini mchana? Wewe hukosei kafuri na asumini. Ulisema mwenyewe, atapona lini. Ukaona umharakishe."

Neno lilikuwa limefika mdomoni: sinusi tena. Lingemwondolea tuhuma ile. Pia lingemvua kitu pekee alichoamini ndicho Chupa anachompendea. Akasita, na wakati anasita simu ikakatika.

Jamani, siku zilizofuata msiniulize. Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa, ukaachwa. Alikaa jikoni na sufuria ya nta iliyoganda, nywele hazijachanwa, gauni lilelile. Alifungua vichupa kimoja baada ya kingine, akanusa, akalia, akafungua tena. Shangazi alimletea uji, ukapoa mpaka ukafanya utando juu. "Mwanangu, utakufa." Naye hakuona ubaya wa jambo hilo. Kazi ya nta imekwenda. Mwanaume amekwenda. Na huyo mwanamke mgonjwa ataondoka duniani akiamini kuna mtu alimwombea mauti.

Hilo la mwisho ndilo lililomwinua. Akaoga, akavaa gauni safi la bluu, akafunga kitambaa kichwani na kwenda.

Chupa alifungua mlango. Shati halijapigwa pasi, ndevu zimeota ovyo.

"Umefuata nini?"

"Nimemfuata mama. Wewe kaa na hasira zako, ni haki yako."

"Hupiti hapa."

"Mwache apite," mama akasema kutoka ndani. "Nyumba bado yangu."

Chumba kilikuwa safi, pazia limefungwa nusu. Pua akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiwe wa mshumaa."

"Ndimi. Mama, mimi sinusi. Tangu nilipougua mafua sinusi kitu. Vichupa vyangu havina majina, nilibahatisha, kisha nikadanganya kwamba nimenusa. Sikukuombea mabaya. Niliogopa mwanao akijua ataniacha." Akaanza kulia kwa kwikwi, kama mtoto. "Na sasa ameniacha vilevile."

Mama akanyoosha mkono. Ukatambaa juu ya shuka mpaka ukamkuta Pua kichwani.

"Hata mimi nilimficha," akasema. "Nilipika mwaka mzima sioni vizuri. Nilihesabu hatua toka jikoni hadi chumbani ili asishtuke. Siku niliyomwagikiwa na maji ya moto ndipo akajua. Aligomba, mwanangu. Aligomba kwa sababu sikumwambia." Akageuza uso kuelekea mlangoni. "Na wewe unayepumua hapo kama ng'ombe, toka naye nje, mkaongee. Mimi sina siku za kuwasubiri."

Wakasimama kwenye ukumbi mwembamba, mmoja ukuta huu, mwingine ukuta ule.

"Kwa nini hukuniambia?" Chupa akauliza.

"Unanitambulisha kwa watu kwa pua. Ningekuambia nini? Kwamba umebaki na mtu yeyote tu?"

"Nilikupenda kwa sababu ulizitukana chupa zangu mbele ya soko zima, halafu ukanunua." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nimekuita muuaji. Mimi."

"Hukujua."

"Ningeuliza vizuri."

"Daktari anasema huenda isirudi."

"Isirudi."

"Nitaunguza chakula nisijue."

"Nitakula kilichoungua."

"Hujaelewa bado," Pua akasema, na hapo sauti ikakatika kabisa. "Zamani ulikuwa ukikunja kona nakujua kabla hujabisha hodi. Sasa ukiwa mbele yangu nikifumba macho hupo. Nikikukumbatia sipati kitu. Mimi ndiye niliyekupoteza, Chupa, siyo wewe uliyenipoteza mimi."

Mwanaume mwongo angesema itarudi. Chupa alivuka ukumbi, akamkumbatia kwa nguvu, akainamisha kichwa begani kwake.

"Tuoane sasa," akamwambia. "Mama angali anasikia."

Pua alifumba macho akavuta pumzi ndefu, ya tamaa, ya kujaribu mara nyingine. Hakupata sabuni, hakupata jasho, hakupata kitu. Alihisi tu shingo yake inalowa, na mabega ya yule mwanaume yanatetemeka chini ya viganja vyake. Akamshika hivyohivyo, bila kumnusa, akasema ndiyo. Kisha akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, ili mama kule chumbani asikie.